Ubadilishaji wa injini ya gari

Ubadilishaji wa injini ni kazi ya kuondoa injini iliyokuja na gari na kufunga mahali pake injini ya aina nyingine. Mara nyingi injini mpya huwa na nguvu zaidi, hutumia mafuta kidogo zaidi, au vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Kazi hii ni tofauti na ovaholi, ambapo injini ileile hufunguliwa, sehemu zilizochakaa zikabadilishwa, kisha ikafungwa tena. Ni tofauti pia na kuondoa injini iliyokufa na kuweka nyingine ya aina ileile, jambo ambalo halibadilishi tabia ya gari.

Magari yanayobadilishwa injini zaidi Afrika Mashariki ni Land Rover za zamani, Toyota HiAce na vibasi vidogo vingine, pamoja na Volkswagen Kombi chache zilizobaki. Baadhi ya magari hayo, hasa Kombi na HiAce, yametengenezwa kuwa magari-nyumba madogo, yaani magari yenye kitanda, jiko na tangi la maji ambayo msafiri hulala ndani yake.

Sababu

Sababu ya kwanza ni uzito. Kibasi kilichoundwa kubeba watu wanane kikishawekewa makabati, friji, mtungi wa gesi, betri ya pili na tangi la maji hakiwi tena gari lilelile. Lita 60 za maji peke yake ni kilo 60, sawa na abiria mmoja asiyeshuka kituo chochote. Injini iliyotosha kwa gari tupu hupungukiwa.

Sababu ya pili ni milima. Nyanda za juu za Umatengo katika Wilaya ya Mbinga, ambako kata ya Mpepai ipo, ni mfano mzuri. Mji wa Mbinga uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa km 66 hivi, na katika umbali huo gari hushuka mita 800 au zaidi, bila kuhesabu vilima linavyopanda na kushuka njiani. Lami imepunguza matope na vumbi, lakini haikuondoa mwinuko.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Gari la tani 2 linalopanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 kwa mwendo wa km 40 kwa saa linahitaji kilowati 25 hivi kwenye magurudumu ili kushinda mvutano wa dunia na ukinzani wa matairi. Volkswagen Kombi ya miaka ya 1970 yenye injini ya lita 1.6 ilikuwa na kilowati 37, yaani nguvu farasi 50, ikipimwa karibu na usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Giaboksi na difu nazo hula sehemu yake. Zinazofika kwenye magurudumu ni kilowati 29 au pungufu, tena injini ikizunguka kwa kasi yake yote. Ndiyo maana Kombi iliyojaa mizigo hupanda kwa gia ya pili huku foleni ikirefuka nyuma yake.

Sababu ya tatu, ambayo kwa wamiliki wengi wa Tanzania ndiyo ya kwanza, ni vipuri. Injini ambayo pistoni zake lazima ziagizwe kutoka Ulaya haina faida kwa mtu aliye mbali na bandari, hata kama ni nzima leo.

Ipo hali moja ambayo haifai kuitwa sababu. Magari mengi yanayosemwa kuwa injini yake imechoka yana nozeli zilizoziba, chujio la hewa lililojaa vumbi, klachi inayoteleza au breki zinazoshika wakati dereva hajazikanyaga. Fundi mwangalifu hupima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kutoa ushauri wowote. Kipimo hicho huchukua saa moja au mbili, na mara nyingi humwokoa mwenye gari na gharama ya injini nzima.

Historia

Nchini Marekani vijana walianza mapema kufunga injini kubwa katika magari mepesi ya zamani, hasa baada ya Ford kutoa injini ya silinda nane yenye umbo la V mwaka 1932. Kwao ilikuwa michezo ya mwendo kasi. Afrika Mashariki jambo hili lilikua kwa uhitaji.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri vya Land Rover na vya magari mengine ya Uingereza vilikuwa adimu. Gari lilisimama juu ya mawe likisubiri gasketi. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Baada ya hapo magari yaliyotumika ya Japani yalianza kuingia kwa wingi, na pamoja nayo injini zilizotumika. Land Rover nyingi zilizokuwa zimelala ziliamshwa kwa injini za dizeli za Isuzu, Nissan na Toyota.

Wazo hilo halikuwa la mafundi wa mitaani peke yao. Nchini Australia, katika miaka ya 1980, Land Rover 110 ziliuzwa zikiwa tayari zimefungwa kiwandani injini ya dizeli ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, na jeshi la nchi hiyo lilizitumia kwa miaka mingi. Volkswagen ya Afrika Kusini nayo, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifunga injini za silinda tano zenye asili ya Audi katika Kombi ya kizazi cha tatu, ambayo iliendelea kutengenezwa huko hadi mwaka 2002. Nchini Brazil Kombi ya kizazi cha pili iliachana na injini inayopozwa kwa hewa mwishoni mwa mwaka 2005, ikapewa injini ya lita 1.4 inayopozwa kwa maji, na ikatengenezwa hivyo hadi mwaka 2013. Mwenye Kombi ya zamani anayetaka kuibadilisha injini anaweza kujifunza mengi kwa kuangalia jinsi viwanda hivyo vilivyofanya.

Soko la injini zilizotumika leo linapitia Japani moja kwa moja au kupitia Falme za Kiarabu, hasa Sharjah na Dubai. Hapa nyumbani vituo vyake vikubwa ni Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Wanunuzi wenye uzoefu hupendelea kununua injini pamoja na giaboksi yake, waya zake, kompyuta yake na pedali ya mafuta, vyote kutoka gari moja. Injini tupu huonekana rahisi, lakini vitu vidogo vinavyokosekana hutafutwa kimoja kimoja kwa wiki nyingi.

Kuchagua injini

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kubaki ndani ya ukoo mmoja. Injini za dizeli za Toyota 2L (sentimita za ujazo 2,446), 3L (2,779) na 5L (2,986) zinafanana umbo, na giaboksi hushikana nazo kwa mpangilio uleule wa bolti. HiAce yenye 2L ikipewa 5L hupata ujazo zaidi kwa asilimia 22 bila chuma kukatwa. Nguvu inayoongezeka si kubwa, lakini gari hubaki na kila kitu kilichobuniwa kwa ajili yake, na fundi yeyote wa Mbinga au Songea anaifahamu.

Hatua inayofuata ni injini yenye tabo, kama vile Toyota 1KZ-TE ya lita 3. Tabo husukuma hewa ndani ya silinda, hivyo injini haisumbuliwi sana na wepesi wa hewa ya milimani. Hata hivyo 1KZ-TE inaongozwa na kompyuta, na inajulikana kwa kupasuka silinda hedi ikipata joto kupita kiasi. Kuifunga na kuiachia rejeta ya injini ndogo ni kuiua.

Toyota 1HZ ya silinda sita na lita 4.2 ndiyo injini ya Land Cruiser nyingi za utalii na za hospitali. Haina tabo wala kompyuta, na ni mvumilivu sana. Ubaya wake kwa gari dogo ni urefu na uzito. Katika kibasi haina pa kukaa. Katika Land Rover ya zamani huingia baada ya kusogeza rejeta na kuimarisha springi za mbele.

Kombi ina tatizo lake peke yake, kwa kuwa injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma, chini ya sakafu ya mizigo. Injini ndefu iliyosimama wima haitoshei. Kwa sababu hiyo wengi duniani huchagua injini za Subaru, ambazo silinda zake zimelala pande mbili kama zilivyolala zile za Volkswagen yenyewe. Injini hushikanishwa na giaboksi ya Kombi kwa bamba la chuma lililotobolewa kwa vipimo vya pande zote mbili. Chombo cha oili cha Subaru huning'inia chini sana, kwa hiyo hufupishwa. Kikiachwa kilivyo, jiwe moja la barabara ya kijijini linatosha kukitoboa. Wengine hufunga dizeli ya Volkswagen ya lita 1.9 yenye tabo, ikiwa imelazwa kwa pembe.

Kufunga

Kazi huanza kwa kupima. Fundi hupima urefu, upana na kimo cha nafasi, mahali pa kuegesha injini kwenye chesisi, mahali penye stelingi na bomba la moshi, na mstari wa shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Injini ikikaa upande kwa sentimita chache au ikiinama vibaya, shafti hutetemeka na misalaba yake huisha mapema. Raba za kuegeshea injini ni lazima, kwani bila hizo mtikisiko wa dizeli hupasua vyuma vilivyochomelewa.

Klachi, flaiwili na giaboksi vifuate injini mpya pale inapowezekana. Giaboksi ya zamani huweza kukubali bolti za injini mpya lakini isikubali nguvu yake. Haivunjiki siku ya kwanza. Huvunjika baada ya miezi, mlimani, ikiwa na mzigo.

Upoozaji ndio unaoharibu kazi nyingi. Injini yenye nguvu maradufu hutoa joto karibu maradufu inapofanya kazi kwa nguvu yake yote, na rejeta ya zamani haikuhesabiwa kwa joto hilo. Kwenye mwinuko wa Mbinga maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya rejeta ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko chake. Kifuniko kilicholegea, ambacho tambarare kisingeleta shida, milimani huangusha injini nzima. Kombi inayopozwa kwa hewa ikipewa injini ya maji inahitaji rejeta mbele, na mabomba marefu ya kupitisha maji chini ya sakafu hadi nyuma, yenye sehemu ya kutolea hewa iliyonaswa.

Difu hubadilisha matokeo kuliko watu wanavyodhani. Land Rover za mfululizo wa zamani zina difu yenye uwiano wa 4.7, na zile za Defender zina 3.54. Mwenye gari aliyefunga dizeli yenye nguvu huweza kuweka difu ya 3.54, na kwa mwendo uleule injini itazunguka mara 2,260 kwa dakika badala ya 3,000. Kelele hupungua na mafuta hupungua. Lakini nguvu ya kuvuta katika kila gia hupungua pia kwa robo. Kwa anayesafiri kati ya Makambako na Songea difu hiyo ni nzuri. Kwa anayepanda kutoka ziwani kila wiki na mzigo, ni heri abaki na 4.7.

Breki na miteremko

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoishia nusu. Mwenye gari hulipa injini, akalijaribu gari kwenye mlima, akafurahi. Breki hubaki zilezile zilizowekwa kwa ajili ya gari la nguvu farasi 50.

Gari la tani 2 likishuka kutoka Mbinga hadi ufukweni hupoteza nishati ya megajuli 16 hivi. Kiasi hicho kinatosha kupasha moto zaidi ya lita 50 za maji kutoka nyuzi 25 hadi zichemke. Nishati hiyo haina pa kwenda ila kwenye hewa, kwenye matairi, kwenye injini inayozuia gari, na kilichobaki kwenye breki. Injini yenye nguvu huleta hatari ya namna mbili: kwanza hulifikisha gari kileleni kwa kasi na kwa mzigo mkubwa zaidi kuliko zamani, na pili uzito wake wenyewe huongezeka kwenye gari linaloshuka.

Breki za dramu, kama zile za pande zote nne za Land Rover za zamani na za Kombi za kabla ya miaka ya 1970, hupoteza nguvu zikipata moto, kwa sababu dramu hupanuka kwenda mbali na lainingi na lainingi yenyewe huteleza. Diski hupoa haraka zaidi. Kwa hiyo kufunga diski mbele kuhesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya injini, si nyongeza ya baadaye.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huchemka kwenye nyuzi zisizopungua 230; yakishanyonya maji kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, na mvuke hubanika. Dereva hukanyaga pedali ikafika sakafuni bila gari kusimama. Mafuta haya yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama breki zinaonekana nzuri.

Kosa moja ni la hatari kuliko yote na halionekani kwa macho. Gari la petroli hupata mvuto wa kusaidia breki kutoka kwenye njia ya hewa ya injini. Injini ya dizeli kwa kawaida haitoi mvuto huo, na ndiyo maana dizeli huwa na pampu yake ya kufyonza hewa, ambayo katika Toyota nyingi imefungwa nyuma ya altaneta. Fundi akifunga dizeli katika gari la petroli na kuweka altaneta isiyo na pampu, breki hubaki ngumu kama jiwe. Kwenye uwanja wa gereji gari husimama vizuri. Kwenye mteremko dereva huhitaji nguvu ya miguu yote miwili.

Kushuka kwenyewe hufanywa kwa gia ndogo iliyochaguliwa kabla ya mteremko kuanza, ili injini izuie gari, na breki ikanyagwe kwa vipindi vifupi vya nguvu badala ya kuegemewa muda wote. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta, tabia iliyozoeleka kwa baadhi ya madereva, huondoa kizuizi cha injini kabisa na kuziachia breki kazi yote.

Hati na bima

Nchini Tanzania magari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), na kadi ya gari huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Injini ikibadilishwa taarifa hizo huwa si za kweli tena, hivyo mwenye gari anapaswa kuzirekebisha. Stakabadhi ya kununulia injini itunzwe, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba injini haikuibwa. Nchini Kenya kazi ya kumbukumbu za magari iko chini ya NTSA, iliyoanzishwa mwaka 2012.

Wengi huliacha jambo hili hadi siku ya kuuza gari, mnunuzi anapofungua boneti na kulinganisha namba. Mahali pabaya zaidi pa kuligundua ni baada ya ajali, kwani kampuni ya bima hulinganisha gari lililogongwa na gari lililoandikwa kwenye mkataba. Kwa msafiri wa gari-nyumba anayevuka mipaka, namba ya injini isiyolingana na hati inaweza kumkwamisha kwenye forodha, maana hati ya kuingiza gari kwa muda huandikwa namba hiyo.

Mota za umeme

Tangu miaka ya 2010 aina nyingine ya ubadilishaji imeanza Afrika Mashariki, ambapo injini ya mafuta huondolewa na kuwekwa mota ya umeme na betri. Kampuni ya Opibus, iliyoanza Nairobi mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilibadilisha kwa njia hiyo Land Cruiser na Land Rover za utalii. Mota ya umeme haipotezi nguvu kwa wepesi wa hewa, na wakati wa kushuka hugeuka jenereta: sehemu ya nishati ambayo ingechoma lainingi hurudi kwenye betri. Kwa gari-nyumba dogo kikwazo ni uzito wa betri na umbali kati ya vituo vya kuchajia. Gari la utalii hurudi kambini kila jioni na kuchajiwa hapo, jambo ambalo msafiri wa kutoka Songea hadi ufuko wa Ziwa Nyasa hana uhakika nalo.